Ililala kwa Nini?

Mpelekee fundi wa makamo pale Kitale pikipiki ya zamani, juu ya mkokoteni, imejaa vumbi la miaka na kinyesi cha kuku, na hatakuuliza kwanza ulinunua pesa ngapi. Ataizunguka. Atakandamiza siti, atainama kuona kama kuna oili chini ya injini, atashika kiki kwa mkono na kuisukuma polepole asikie kama pistoni inasogea. Halafu atauliza: "Hii ililala kwa nini?"

Ni swali la ufundi kabisa. Pikipiki iliyoegeshwa kwa sababu mwenyewe alizeeka haifufuliwi kama ile iliyoegeshwa kwa sababu injini ilikuwa inagonga. Ya kwanza huenda inadai usafi tu, tairi mpya na subira. Ya pili ina ugonjwa ndani, na ukiilazimisha iwake utamaliza kilichobaki. Na kuna ya tatu, iliyofichwa usiku mmoja chini ya magunia, mwenyewe akaondoka na hakurudi. Hiyo inaweza kuwa na injini nzima na makaratasi yasiyoisha.

Lakini swali hilohilo ni la historia. Pikipiki chache hulala kwa kupenda kwao. Nyingi zililazwa na jambo lililotokea mbali nazo: bei ya petroli, uhaba wa spea, barua ya kustaafishwa, vita vya mashamba. Anayefufua chuma bila kuuliza kililala kwa nini amefanya nusu ya kazi, na pengine ile nusu rahisi.

Swali hili lina haraka yake ukifika mtaa kama Kipsongo. Mtaa huu uko pembeni mwa mji wa Kitale, na wakaaji wake wengi ni Waturkana, wao wenyewe au wazazi wao wakiwa wametoka kaskazini kukimbia ukame na wizi wa mifugo. Kama ilivyo kwenye mitaa mingi ya aina hiyo nchini, watu wanaishi kwa vibarua na kwa kuokota: plastiki, karatasi, chuma. Mzee akifa kule shambani, watoto wanaofagia stoo wanaita mnunuzi wa skrapu, na safari ya fremu inaishia kwenye mizani. Kwenye mizani kilo ni kilo. Fremu ya mwaka 1976 na bati lililong'oka juzi zinapimwa pamoja.

Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya chuma kuukuu baada ya nguzo na vifaa vya umeme kuhujumiwa, kisha ikairuhusu tena Mei mwaka huohuo kwa masharti mapya ya leseni. Mjadala wote ulikuwa wa wizi. Kwamba chuma kingine ni kumbukumbu halikuwa jambo la kuzungumzwa, na huwezi kumlaumu mtu. Anayeuza kilo kumi ili apike jioni hana deni na historia. Ila wewe unayetaka kununua pikipiki ya zamani huku, jua kwamba unashindana na mizani, na mizani haichelewi.

Sasa turudi nyuma kidogo. Jina lenyewe lilitoka kwa masikio: watu walisikia piki-piki-piki, wakaita hivyo. Wengine walisikia tukutuku, na neno hilo bado limo kwenye kamusi. Mlio huo ulipitia Afrika Mashariki mapema, na ulikuja na vita. Mwaka 1916 jeshi la Jan Smuts lililoingia Afrika Mashariki ya Wajerumani lilikuwa na kikosi cha waendesha pikipiki kutoka Afrika Kusini. Vita vilipokwisha, mpango wa 1919 wa kuwagawia askari wa Kizungu mashamba ulileta wengi wao Trans-Nzoia, kwenye ardhi ambayo wenyeji waliambiwa si yao tena. Reli ikafika Kitale mwaka 1926. Katika miaka hiyo, hapa kwetu pikipiki ilikuwa chombo cha mzungu wa shamba, cha padre, cha ofisa wa serikali. Mwafrika alitembea akiwa na kipande shingoni. Aliyebahatika alikuwa na baiskeli.

Pikipiki za enzi hiyo zilikuwa za Kiingereza, na BSA ndiyo iliyojulikana sana. Herufi hizo ni za Birmingham Small Arms, kampuni iliyoanza mwaka 1861 ikitengeneza bunduki, na alama yake ilikuwa bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja. Wakati wa Vita vya Pili ilitengeneza pikipiki zaidi ya 120,000 za aina ya M20 kwa ajili ya jeshi la Uingereza na washirika wake. Ni injini ya silinda moja, nzito, isiyo na haraka, inayovumilia petroli mbaya. Chombo cha namna hiyo, kikiwa bado kipo kwenye stoo ya zamani, utakitambua hata kabla ya kusoma jina. Chukua spana yako ya kumi na mbili, jaribu nati. Haikai. Jaribu ya kumi na tatu. Inacheza. Nati hizo zilikatwa kwa vipimo vya Kiingereza vya zamani, vyenye mizizi katika mfumo alioupendekeza Joseph Whitworth mwaka 1841, na boksi la spana la jua kali la leo halina kitu cha kuzitosha. Fundi asiyejua hilo atachukua koleo na kula pembe zote za nati. Fundi anayejua atachonga spana yake mwenyewe. Ukoloni ulituachia mipaka na lugha, na kwenye chuma ulituachia nati zisizoingia kwenye spana yoyote.

Spana za milimita zilikuja na Wajapani, na Wajapani walikuja wakati ambapo mkulima wa huku alianza kushika pesa. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956. Mwaka 1964, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru, mahindi chotara ya H611 yalitolewa kutoka utafiti uliofanywa hapahapa Kitale. Mbegu ile ilibadilisha shamba la mtu mdogo, lakini mbegu haitembei. Ilihitaji mtu wa kwenda nyumba kwa nyumba kueleza nafasi ya kupanda na kipimo cha mbolea. Huyo ndiye bwana shamba, na pale barabara ilipokuwa matope, alipanda pikipiki yenye namba za GK. Mwenzake alikuwa daktari wa ng'ombe. Huko Bungoma, kiwanda cha sukari cha Nzoia kilipoanzishwa mwaka 1975 na kuanza kusaga 1978, miwa nayo ilidai watu wa kukagua mashamba. Kwa watoto wa vijijini wa miaka hiyo, mlio wa pikipiki ulimaanisha kwamba serikali imekuja, au padre, na mara nyingi hawakujua kama wakimbilie au wakimbie.

Kisha ikaja kahawa. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazili, na bei ya dunia ikapaa. Ng'ambo ya Mlima Elgon, Uganda ya Idi Amin ililipa wakulima wake kidogo sana, kwa hiyo kahawa ikaanza kushuka mlimani usiku. Soko la Chepkube, upande wa Bungoma, likawa maarufu kwa magendo hayo kati ya 1976 na 1977. Wazee wa eneo hilo bado wanapima wakati kwa Chepkube: kabla yake, na baada yake. Mtu aliyelala maskini aliamka na pesa hajui aziweke wapi. Nyingine zililiwa, nyingine zikawa mabati, na nyingine zikawa chombo cha magurudumu.

Mwaka huohuo wa 1976 Honda ilitoa CG125. Wahandisi wake walikuwa wameona jinsi injini zinavyotumika katika nchi ambako oili haibadilishwi kwa wakati, wakaacha mtindo wa cheni ya juu na kurudi kwenye vijiti virefu vya kusukuma valvu, ambavyo havilalamiki haraka. Kwa upande wa njia mbaya kulikuwa na Yamaha za DT, injini ya tu-stroki inayokunywa oili pamoja na petroli, nyepesi, yenye kelele. Ukikuta pikipiki imelala nyuma ya nyumba Trans-Nzoia au Bungoma, bahati ya kukuta ya Kijapani ya miaka hiyo ni kubwa kuliko ya kukuta BSA. Namba yake itakusaidia: Kenya ilianza upya mfuatano wa namba za magari mwaka 1989 na kuongeza herufi ya mwisho. Namba ya kiraia yenye herufi tatu na tarakimu tatu tu, bila herufi mkiani, ilitolewa kabla ya hapo.

Basi zililala kwa nini?

Sababu ya kwanza ni spea. Mafuta yalipanda mwaka 1973, yakapanda tena 1979. Nchi ikabana pesa za kigeni, na kuagiza bidhaa kukahitaji leseni. Ringi ya pistoni ya shilingi chache ikawa safari ya Nairobi, na Nairobi ikakuambia urudi mwezi ujao. Hali hiyo ililegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, hasa 1993, lakini pikipiki iliyokuwa imesubiri ringi miaka sita ilishakuwa kiota cha kuku. Kwa zile za Kiingereza mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu BSA yenyewe ilikuwa imeanguka na kumezwa kufikia 1973.

Ya pili ni kazi. Mageuzi ya utumishi wa umma yaliyoanza 1993 yaliwapeleka nyumbani watumishi wengi kabla ya wakati wao. Bwana shamba akawa adimu. Pikipiki za serikali zilizochoka zilibodiwa na kuuzwa mnadani, na si ajabu kwamba aliyeinunua alikuwa yuleyule aliyeiendesha. Ukikuta rangi ya GK chini ya rangi ya pili, umeshika kipande cha huduma ambayo kijiji hakikuipata tena.

Ya tatu ni ile watu wanayoisema kwa sauti ya chini. Mapigano ya kikabila yaliyoanza mwishoni mwa 1991 yalifika Trans-Nzoia na Mlima Elgon. Yakaja ya SLDF kuanzia 2006, yakaja ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ikaja operesheni ya jeshi mlimani Machi 2008. Watu walikimbia na watoto na godoro. Pikipiki haibebwi kichwani. Iliingizwa kwa jirani, ikafunikwa, mwenyewe akasema nitarudi. Kwa hiyo muuzaji akikuambia tu kwamba "ilikuwa hapa," uliza tena, kwa adabu. "Mama, hii ilikuwa ya mzee wetu wa hapa, ama kuna mtu aliiacha?" Akinyamaza kidogo kabla ya kujibu, nyamaza naye. Bei nzuri si sababu ya kununua kitu ambacho mwenyewe bado anakitafuta.

Ya nne ilikuwa tofauti, kwa sababu haikuwa shida. Mwaka 2008 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc. Bodaboda, kazi iliyoanza kwa baiskeli za kuvusha watu kati ya vituo vya mpaka wa Kenya na Uganda, ikapata injini. Pikipiki mpya za India na China zikajaa kila stendi, kijana akaweka dipoziti na kuondoka na chombo siku hiyohiyo. Nani angehangaika tena na ya babu?

Na hapa kuna kicheko cha historia. Injini nyingi za Kichina zilizoingia ni nakala za ile CG125 ya 1976. Bodaboda iliyomfukuza mzee barabarani ni mjukuu wake. Ndiyo maana Honda ya namna hiyo, iliyolala miaka thelathini kwa kukosa ringi, leo inaweza kupata pistoni, gasketi, valvu na klachi kwenye duka la spea za bodaboda, kwa pesa ya kawaida. Pima kwanza, maana nakala si pacha: za mwanzo zilitumia pointi na umeme wa volti 6, na ukizifunga vifaa vya volti 12 bila kujua umeme wake hautafanya kazi inavyotakiwa. Uhaba ulioilaza umekwisha, kwa sababu ya chombo kilichochukua nafasi yake.

Kazi yenyewe ya kuamsha inataka mtu asiye na pupa. Kosa la kwanza la wengi ni kuruka juu ya kiki. Ringi zikiwa zimeshikwa na kutu, kiki moja ya nguvu inakwaruza silinda. Toa plagi, mimina oili laini kidogo kwenye tundu lake, acha siku kadhaa, kisha sogeza injini kwa mkono, mbele na nyuma, hadi ilegee yenyewe. Petroli ya zamani imwage yote. Ikilala muda mrefu hugeuka kitu cha njano kinachonata, kinachonuka kama rangi iliyooza, na ndicho kinachoziba jeti za kabureta. Tangi lenye kutu linatikiswa na kokoto safi na siki, kisha linasuuzwa na kukaushwa vizuri. Kama lina tundu, mtu asikuletee moto wa kuchomelea kabla halijasafishwa na kujazwa maji, kwa sababu mvuke wa petroli haujali kwamba tangi ni tupu. Sahani za klachi zitakuwa zimegandana. Sili za mpira zitakuwa zimekauka, na kwa tu-stroki hilo ni la hatari, kwani sili ya krenki ikivuta hewa injini inajipika. Angalia ndani ya egzosi: nyigu hupenda kujenga humo kwa udongo. Angalia boksi la hewa: panya.

Mahali ilipolala pia pataonekana kwenye chuma. Ghala la mahindi lililoinuliwa kutoka ardhini ni kitanda kizuri, kavu na chenye hewa. Lakini stoo ya shamba Trans-Nzoia mara nyingi inakaa mbolea, na mbolea huvuta unyevu na kula alumini na kromu. Ukikuta upande mmoja wa injini umeoza weupe na mwingine mzima, usishangae: upande ule ulikaa karibu na magunia. Hata kutu ina ushahidi wake.

Kisha makaratasi, ambayo wengi huyaacha mwisho na kujuta. Kabla hujatoa shilingi, soma namba ya fremu na ya injini, uzilinganishe na logibuku. Kuhamisha umiliki siku hizi ni kazi ya NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 2012, na mfumo wake uko mtandaoni. Mfumo unamtaka muuzaji aingie na kukubali. Marehemu hawezi kuingia. Kama logibuku ina jina la mzee aliyefariki, familia inahitaji kuanza na barua ya chifu inayowataja warithi, kisha hati ya usimamizi wa mirathi, chini ya Sheria ya Urithi inayotumika tangu 1981. Watu wengi hawajawahi kuifanya kazi hiyo kwa ajili ya shamba, sembuse pikipiki. Ndiyo maana mizani inashinda: mnunuzi wa skrapu haulizi mirathi ya babu. Ukiwa mnunuzi wa kweli, saidia familia hiyo na nauli ya kwenda kwa chifu. Utapata chombo halali, na wao watakuwa wameanza safari ambayo huenda ikawasaidia na shamba pia.

Nairobi kuna maonyesho ya Concours d'Elegance, yaliyoanza 1970, ambako magari na pikipiki za zamani hung'arishwa na kuhukumiwa kwa pointi kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Ni jambo zuri, na waliozitunza wanastahili makofi. Ila ya Kitale ni hadithi nyingine. Hapa hakuna aliyeitunza pikipiki kwa sababu ni adimu. Ilibaki kwa sababu mtu hakuwa na spea, au hakuwa na moyo wa kuuza kitu cha marehemu, au alikuwa anamsubiri mwenyewe arudi. Ukiipiga rangi mpya kila mahali hadi ing'ae kama ya dukani, umefuta ile GK ya chini, umefuta mkwaruzo wa debe la maziwa, umefuta upande wa mbolea. Tengeneza breki, waya, tairi na kila kinachoweza kuua mtu. Vingine viache vizeeke kwa heshima.

Makumbusho ya Kitale yenyewe yalitokana na mtu aliyekataa kutupa. Hugh Stoneham alianza mkusanyo wake wa wadudu, vitabu na vitu vya wenyeji, akaufungua kama makumbusho yake binafsi mwaka 1926, na mwaka 1974 mji ukapata makumbusho ya umma. Alikuwa na shamba, nafasi na pesa. Mkaazi wa Kipsongo hana hata ukuta wa kuegemezea fremu. Lakini kumbukumbu inaweza kukaa mahali padogo kuliko stoo. Nunua daftari la shule la kurasa thelathini na mbili. Andika ilipotolewa, nani aliiendesha na kwa kazi gani, iliegeshwa mwaka gani na kwa sababu gani, na fundi alikuta nini ndani. Liweke pamoja na logibuku, ndani ya karatasi ya nailoni.

Ikishawaka, tembea nayo kilomita mia polepole, mwaga oili tena, kaza nati zote. Safari ya kwanza ya kweli ipeleke nyumbani kwa waliokuuzia, ukiwa na daftari mfukoni. Zima injini getini, salimia, subiri chai. Wakishausikia mlio ule, watu hukumbuka mambo ambayo hawakuyataja siku ya kuuza.